Maswali ya Wasomaji: Wasifu wa Bibi Aliyelima Maisha Yake Yote

SWALI: Shikamoo Mwandishi. Bibi yetu mzaa mama alifariki hapa Newala na arobaini yake imekaribia. Familia imekubaliana kwamba siku ya hitima usomwe wasifu wake, na mjomba mkubwa ameshauandika kwa ukurasa mmoja: alizaliwa mwaka 1934, aliolewa, alijaliwa watoto wanane, na sehemu yote iliyobaki inaeleza watoto hao, nani ni mwalimu, nani alikuwa jeshini, nani ana duka Masasi. Ninamheshimu mjomba na sioni alipokosea, lakini ukilifuta jina la bibi ukaandika la bibi mwingine yeyote wa mtaa wetu, karatasi itabaki sahihi. Bibi alilima mpaka miguu ilipomkataa, alishuka bondeni kuteka maji tangu kabla mama yangu hajazaliwa, na sisi wajukuu wanne tulilelewa kwa jembe lake baada ya mama kufariki. Umri wenyewe nao una utata: kadi ya mpiga kura inasema 1934, kitambulisho cha taifa kinasema 1929, na dada yake aliye hai anazicheka zote mbili. Niandike nini, na nianzie wapi bila kumkosea mjomba? – Mjukuu, Newala

JIBU: Marahaba mjukuu wetu, na poleni sana kwa msiba. Nitaanza na umri, kwa kuwa hilo ni jepesi kuliko unavyodhani, kisha nije kwenye kazi, ambako wasifu wa bibi yako unapaswa kukaa kwa muda mrefu zaidi.

Wazee wengi wa kusini hawakuandikwa popote walipozaliwa, isipokuwa waliobatizwa misheni, kama vile Masasi, Lulindi au Ndanda, ambako majina yaliingizwa katika vitabu vya ubatizo. Waliobaki walipewa mwaka na karani aliyekuwa na foleni ndefu mbele yake, kwa hiyo usishangae kadi mbili kutofautiana, na ukikuta tarehe ya kuzaliwa ni ya kwanza ya Januari au ya kwanza ya Julai, ichukulie kwa tahadhari. Makarani wa sensa hutumia kalenda ya matukio wanapomkadiria umri mtu asiye na cheti, na njia hiyo inakufaa wewe pia. Kaa na dada wa bibi. Usimuulize mwaka, muulize tukio. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake tatu kubwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Je, Waingereza wa karanga walipoingia, bibi alikuwa ameshachezwa unyago? Alikuwa ameolewa? Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, mtoto wake yupi alikuwa bado ananyonya? Tuseme dada yake anakumbuka kwamba mwaka ule matrekta yalipoanza kufika Nachingwea, bibi tayari alikuwa na mtoto wa kwanza mgongoni. Hapo mwaka 1934 unaanguka, kwa kuwa angekuwa na miaka 13 au 14 tu, na mwaka 1929 unasimama vizuri zaidi. Watafute pia wanawake waliotoka unyagoni pamoja naye, kwa sababu mtu anaweza kusahau alizaliwa lini, lakini ni nadra kusahau alichezwa pamoja na nani. Ukishapata makadirio, andika “alizaliwa karibu na mwaka 1929” na usione haya.

Sasa tuingie kwenye karatasi yenyewe. Kama ulivyoieleza, wasifu wa mjomba unaanza na ndoa. Ningeomba uanzie nyuma ya hapo, kwa mama yake bibi na kwa bibi yake, kwa kuwa miongoni mwa Wamakonde, kama ilivyo kwa Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo umefuatwa kwa upande wa mama, na mtoto alihesabiwa kwa tumbo alilotoka kabla hajahesabiwa kwa nyumba ya baba yake. Heshima ya mjomba kwako inatokana na utaratibu huohuo: ana sauti juu yako kwa sababu wewe ni mtoto wa dada yake, na wote wawili mmetokana na mwanamke huyu mnayemfanyia hitima. Sidhani kama mjomba atakataa jambo hilo likiandikwa. Yataje na majina yake yote, lile la utotoni, lile alilopewa alipotoka unyagoni, na lile la “Mama Fulani” ambalo majirani walimwitia, kwa maana wazee watakaokaa jamvini siku hiyo hawakumfahamu wote kwa jina moja.

Kisha andika kazi, na uiandike kwa vitu na masafa badala ya sifa. Naomba radhi kwa kusema hivi, lakini nimechoka na wasifu unaosema marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu na mchapakazi, kwa sababu sijawahi kusikia msibani marehemu aliyekuwa mchoyo na mvivu. Chukua maji peke yake. Uwanda wa Makonde una mchanga unaomeza mvua yote, hauna mto juu yake, na ndiyo maana kabla ya mabomba wanawake wa Newala waliteremka ukingo wa uwanda hadi chemchemi za bondeni, wakaondoka usiku ili wafike kabla ya msongamano, kisha wakapanda mlima na mtungi au debe kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, lakini kuanza kwa mradi ni jambo moja, na bomba kufika karibu na mlango wa bibi yako ni jambo jingine. Ulizia alipoacha kushuka bondeni ni mwaka gani hasa. Debe lililojaa maji lina uzito wa kilo 18 hadi 20. Mwanamke aliyeshuka mara moja tu kwa siku kwa miaka 20 amepanda mlima ule na mzigo huo zaidi ya mara 7,000, na hapo hatujahesabu siku za msiba, harusi au mgonjwa, ambapo safari huwa mbili au tatu. Hesabu ya namna hiyo ikisomwa mbele ya wajukuu waliokua na bomba uani, hawatahitaji kuambiwa kwamba bibi yao alikuwa mchapakazi.

Shamba nalo liandikwe kwa majira yake. Alipanda nini baada ya mvua za kwanza, mihogo, mtama, mbaazi, karanga au njugu mawe? Makopa yake aliyaanika wapi na kuyahifadhi vipi yasiliwe na wadudu? Mwaka wa njaa aliwapeleka watoto porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, na ni nani aliyemfundisha kuutambua mmea wake wakati majani yamekwisha kukauka? Ujuzi huo ni elimu kamili, ingawa hauna cheti, na ninaona si haki watoto wake waandikiwe kila cheti walichopata huku yeye akiachwa kama mtu asiyejua kitu.

Juu ya korosho ningekuomba ukae kidogo zaidi, kwa sababu hapo historia ya nchi ilipita katikati ya shamba lake. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa ikitoka huku kusini, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: bei kwa mkulima ilikuwa ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga ulikausha maua, na watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mikorosho yao ikabaki mbali katika mahame ikimezwa na vichaka. Nyuma ya hesabu hizo alikuwapo mtu aliyeamka alfajiri akarudi kwenye mahame kupalilia na kuokota, au aliyeamua kuiacha mikorosho na kufungua shamba jipya karibu na kijiji. Bibi yako alifanya lipi? Alipulizia salfa, dawa ya kukinga ubwiriunga, ilipoanza kutumika, au aliwalipa vijana wampulizie? Fedha za korosho zilishikwa na mkono wa nani, wake au wa babu, na malipo yalipoanza kupitia benki, akaunti ilifunguliwa kwa jina la nani? Maswali haya yanaweza kuonekana ya kichokozi, lakini majibu yake ndiyo yatakayoonyesha kama alikuwa msaidizi shambani au alikuwa mwenye shamba.

Ulizia pia miaka ambayo babu hakuwapo. Wanaume wengi wa kusini walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge, wengine hapahapa Lindi na wengine mbali hadi Tanga, na mke aliyebaki alikuwa mkulima, mlezi, msuluhishi na mlipaji wa madeni kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa mko Newala, jirani na Mto Ruvuma, usiiruke miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji, tangu Septemba 1964 hadi Septemba 1974, kabla nchi ile haijapata uhuru Juni 1975, ambapo wakimbizi walivuka mto na wengi wao walipokelewa na watu wa lugha na ukoo mmoja nao. Kama kulikuwa na mtu aliyekula katika sufuria ya bibi miaka ile, huenda yeye au wanawe bado wapo, na ni vyema wapewe nafasi ya kusema.

Sehemu inayokuhusu wewe na ndugu zako watatu iandike wewe mwenyewe, na uiandike bila kujizuia, kwa sababu mwanamke aliyekwisha kuzaa na kulea, akaanza tena na watoto wadogo wanne baada ya kumzika binti yake, alifanya kazi mara mbili katika maisha mamoja. Nani aliuza nini ili mpate sare za shule? Alilala na nani kati yenu alipokuwa na homa? Na kama alikuwa mkali, ukali wake uandikwe. Bibi asiyeruhusu mtu kula kabla ya kurudi kutoka shambani atakumbukwa kwa furaha zaidi kuliko bibi asiye na dosari, na waliohudhuria watacheka, jambo ambalo siku ya arobaini si kosa.

Jambo moja la tahadhari. Ikiwa bibi alikuwa kungwi, taja kwamba alikuwa kungwi, taja vijiji alivyoitwa na wasichana aliowatoa, lakini yaliyofundishwa ndani yabaki ndani, kwa kuwa hitima inahudhuriwa na wanaume na watoto, na wanawake wenzake watakuona umemvua nguo mwenzao mbele za watu.

Na sasa mjomba. Usimpelekee karatasi ya kushindana na yake. Mpelekee maswali ambayo yeye peke yake anaweza kuyajibu, kwa mfano mwaka ambao familia ilihamia kijijini, nyumba iliyoachwa, au siku babu aliporudi kutoka mkonge, kisha umwombe yeye mwenyewe aisome sehemu hiyo. Majina na kazi za watoto yabaki, lakini yashuke hadi mwisho, kwa ufupi. Cha kusomwa kisizidi dakika kumi, kwa kuwa shekhe ana dua na wapishi wana sufuria jikoni. Yote mengine yaandike kwenye daftari kubwa litakalobaki nyumbani.

SWALI: Mama yetu mzazi amefariki akiwa na umri mkubwa. Alikuwa na nembo za kuchanjwa usoni na tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni, katika mdomo wa juu, ingawa ndonya yenyewe alikuwa ameshaacha kuivaa. Tunayo picha yake moja nzuri, na fundi wa picha hapa mjini ametuonyesha kwamba anaweza kuisafisha kwa kompyuta, uso ukawa laini na tundu likazibwa. Kaka zangu wamefurahi, wanasema wageni kutoka Dar es Salaam hawatamshangaa. Mimi roho inasita. – Binti yake, Mtwara

JIBU: Pole sana dada. Ningekuwa mimi, fundi yule ningemlipa ujira wa kuondoa madoa ya picha na mikunjo ya karatasi, na uso wa mama ningemkataza kuugusa.

Nembo zile hazikumpata mama kwa bahati mbaya. Alikatwa na fundi aliyeaminiwa, akatiwa unga mweusi, akavumilia maumivu hayo mbele ya watu, na michoro iliyobaki ilisema yeye ni nani na ametokea kwa nani. Ndonya vivyo hivyo ilikuwa pambo la mwanamke. Ni kweli kwamba vijana wa baadaye waliikataa desturi hiyo, na wapo akina mama walioziba midomo yao kwa mkono kila walipopanda basi kwa sababu ya kuchekwa mjini. Siwalaumu, na siwezi kudai kwamba kila aliyekatwa nembo aliulizwa ridhaa yake. Lakini mama yenu aliishi na uso huo kwa miongo mingi, akauzia mihogo sokoni kwa uso huo, akawalea kwa uso huo, na hao kaka zako walipokuwa wachanga hawakuwa na uso mwingine waliouita mama. Picha itakayotundikwa ukutani ikiwa imelainishwa, baada ya miaka 20 wajukuu watauliza ni nani huyo.

Kama kaka zako wanahofia wageni, fanyeni jambo jingine: chini ya picha andikeni mistari miwili inayoeleza nembo zile ni za wapi na alizikatwa akiwa msichana wa umri gani. Mkikosa mtu wa kuzisoma nyumbani, waulizeni wazee wa kijiji alikochezwa unyago, mapema, kwa maana waliobaki na ujuzi huo ni wachache. Mgeni akiona maelezo hushangaa kwa adabu.

SWALI: Mama yangu yuko hai, tunamshukuru Mungu, na ninakadiria ana miaka zaidi ya 80. Alitulea kwa kuchokoa pweza na kukaanga vitumbua baada ya baba kutuacha. Ningependa kumrekodi kwa simu akisimulia maisha yake, lakini shangazi zangu wananiambia kwamba kumhoji mtu mzima namna hiyo ni kumchuria kifo. Mama mwenyewe nikimwambia “tusimulie maisha yako” anajibu kwamba hana la kusimulia. – Msomaji, Lindi

JIBU: Shangazi zako wasikilizwe, kwa kuwa wao ndio watakaokuwa naye ukisharudi kazini kwako, na usije na simu kama mwandishi wa habari aliyetumwa kuandika taazia. Lakini mama kusema hana la kusimulia ni jambo la kawaida kabisa. Ukimwomba mtu asimulie maisha yake yote, unamkabidhi bahari nzima kwa mkupuo, na yeye alizoea kuiingia kwa miguu yake, maji yakiwa yametoka.

Mwingize kwa kazi. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba kuwa wazi, mwulize kama leo ingekuwa siku nzuri ya pweza, utaona atajibu bila kufikiri. Kutoka hapo uliza mdogomdogo: shimo lenye pweza hutambulikaje, fimbo yake ilikuwa ya mti gani, waliongozana akina nani, pweza wa kwanza aliuzwa kwa nani, na ni bei gani iliyowahi kumfurahisha. Siku nyingine ukae naye akikoroga unga wa vitumbua na umwulize aliufundishwa na nani, mchele aliuloweka saa ngapi, na ni mteja yupi aliyekula kwa mkopo mpaka leo hajalipa. Msaidie kazi huku unauliza, usikae tu kumtazama. Kama ana kanga za zamani sandukuni, zitoeni moja moja na usome maandishi yake kwa sauti, kwa kuwa kanga haikununuliwa hivihivi. Ilitolewa harusini, ilipelekwa kwa wifi, au ilivaliwa kwa ajili ya jirani fulani ayasome maneno.

Kwa kuwa ni mtu wa Lindi na amevuka miaka 80, yako matukio makubwa mawili ambayo ningeuliza. La kwanza ni kimbunga cha Aprili 1952, kilichoipiga Lindi na kuua watu. Kama alikuwa mtoto, atakumbuka walijificha wapi na paa la nani liliruka. Jibu lake litakusaidia hata kukadiria umri. La pili ni safari ya Dar es Salaam kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika Mto Rufiji mwaka 2003, wakati barabara ilipokatika masika na watu kusubiri kivuko au kusafiri kwa meli. Alipokwenda huko kwa mara ya kwanza, alimfuata nani, na biashara yake alimwachia nani?

Habari za baba yako kuwaacha usizianzishe wewe. Akizigusa, nyamaza umsikilize. Akikuomba uzime simu, izime kweli, na hayo usiyaandike mpaka atakapokuruhusu. Kuhusu shangazi, waombe nao wakae mkekani wakati wa mazungumzo, na utagundua baada ya muda mfupi kwamba wanamsahihisha, wanabishana naye juu ya mwaka na bei, na kumbukumbu inapatikana bila mtu kuiita mahojiano. Rekodi fupifupi ni bora kuliko ndefu. Kila moja uitaje mwanzoni kwa sauti, tarehe na waliokuwapo, kisha siku hiyohiyo mtumie ndugu mmoja anayeishi mji mwingine nakala yake, kwa kuwa simu huibwa na huingia maji, hasa huko kwenu ufukweni.